Choo cha Mzee Shomari na Blogu ya Kidato cha Pili

Vingunguti,
Jumatano, saa kumi jioni

Dada yangu Tumaini,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kuuma na kwamba mvua za huko Tukuyu hazijaharibu maharage yako. Sisi huku wazima. Mama Neema yuko na cherehani yake Buguruni, nami nafundisha Kiswahili sekondari ile ile niliyopata gazeti lilipopunguza watu. Ningekupigia simu, lakini jambo lenyewe ni refu na nataka ulisome mara mbili kabla ya kunijibu. Wewe umestaafu ualimu. Mimi darasani bado mgeni.

Niliwaanzishia Kidato cha Pili blogu. Insha zao zilikuwa zinafia kwenye madaftari: nasahihisha, narudisha, basi. Nikaona wakiandika mahali watu wanaposoma, watajali. Ikawa kweli, wakaanza kugombania zamu ya kompyuta. Kila wiki mmoja analeta habari ya mtaani kwake, nami naipitia kama nilivyokuwa napitia habari za gazeti. Masharti yangu: taja jina, taja mahali, hakikisha kwa watu wawili.

Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya Rehema, binti wa miaka kumi na tano, mkimya, mama yake anauza maandazi. Jumanne ilinyesha tangu alfajiri. Huku mvua kubwa ikishuka, wapo wanaotapisha vyoo: wanatoboa shimo, uchafu unaondoka na maji ya mtaro, hawahangaiki kuita gari la kunyonya. Rehema akaandika kwamba Mzee Shomari ametapisha chake asubuhi hiyo, na kwamba mtaro unapita hatua chache kutoka kisima kinachochotwa na nyumba sita. Alikuwa na mashahidi wawili na picha. Nilirekebisha mkato mmoja, nikairusha. Sikumuuliza Mzee Shomari ni nani kwake.

Ni mwenye nyumba wao.

Jioni habari ilikuwa kwenye simu za mtaa mzima. Alhamisi mama Rehema akapewa notisi: mwisho wa mwezi ahame, yeye na watoto wanne. Mkuu wa shule akaniambia niifute, nikaifuta saa hiyo hiyo. Notisi ikabaki.

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee Shomari. Alinikaribisha barazani, akaagiza kahawa.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulikuwaga gazetini. Wamekuchoka huko, sasa umekuja kututangazia vyoo?"

Nilimwambia kosa ni langu, mtoto alifuata alichofundishwa. Nikamuuliza kama habari ilikuwa ya uongo.

"Nani kasema uongo? Mtaa mzima tunatapisha. Mbona nimeandikwa peke yangu?"

Kisha akatoa sharti. Familia itabaki, ila Rehema aandike kwamba alidanganya, iwekwe kwenye blogu, na aisome mbele ya darasa, yeye mzee akiwa amekaa pale. Nikamwambia nitaandika mimi, kwa jina langu.

"Wewe hukai kwangu," akasema, akanimiminia kikombe cha pili.

Nikaenda kwa mama Rehema. Alikuwa anakanda unga. Nilimshauri twende serikali ya mtaa tuipinge notisi.

"Mwalimu, huo ukweli wako una vyumba vingapi?" akasema. "Maana sie tuko watano."

Rehema alikuwa pembeni anasuuza vyombo. Akaacha, akaniuliza, "Mwalimu, niandike?"

Dada, katika uandishi nimewahi kuitwa na wakubwa wakitaka nibadilishe sentensi moja, na sikubadilisha. Juzi nilimwambia mtoto aandike. Jana ameileta. Sentensi ya mwisho ilikuwa haieleweki, nikamsaidia kuinyoosha.

Atasoma Jumatatu, saa nne asubuhi. Darasani wako arobaini na mmoja, na kadhaa wanachota kisima kile kile. Wanajua. Nikisimama niseme Rehema hakudanganya, familia iko nje. Nikinyamaza, sijui Jumanne nitaingia na somo gani. Ndiyo maana barua hii naikabidhi kwa basi la kesho alfajiri, uipate kabla. Ungekuwa wewe, ungefanya nini akishamaliza kusoma?

Nisalimie shemeji, na mama mdogo wa kule mlimani, na mwanao mkubwa aliyerudi shambani. Neema anakuamkia, anasema shangazi asimsahau kwenye maombi.

Usiku silali vizuri, lakini si kwa sababu ya Mzee Shomari. Wanafunzi wakiniuliza kwa nini, nitapata la kujibu, maswali nimeyazoea. Naogopa kwamba Rehema atamaliza, atakaa, na hakuna hata mmoja atakayeniuliza.

Mdogo wako,
Ezekia