Pale Santuri Yako Ilipokuwa Inaruka

Mama Asha,

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Kukaa kumenishinda tangu tukuzike. Nikikaa mguu unaanza kugonga sakafu wenyewe, nikiuzuia huu, unaanza ule. Juzi nimechomelea geti la mteja wa Sirari, bawaba zikatazama nje badala ya ndani. Alinitazama tu, akajua nina msiba.

Asha wako anaolewa Jumamosi, kule Morotonga. Ndiyo, na mwalimu yule yule uliyekuwa ukimwita mpole kupita kiasi. Baba Asha goti lake bado linamsumbua, anasema hawezi kufungua muziki na binti yake huku anachechemea mbele ya wakwe. Basi Asha akanifuata karakana, akasimama mlangoni. "Mjomba Mwita, nataka ule wimbo wa mama, tucheze mimi na wewe. Usipoweza uniambie mapema, MC apige mwingine." Nikasema naweza. Ningemjibu nini, mtu ambaye mama yake ndiye aliyenifundisha kucheza?

Sasa shida ni hii. Santuri yako imevunjika. Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kukuambia, sijaipata. Wakati wa matanga watu walijaa, mtu akaweka sufuria ya wali juu ya lile kasha la santuri, hakujua. Baba Asha aliokota vipande akavifunga kwenye kanga yako ya njano. Nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Santuri ya zamani, ya huko Kuba, ambayo baba yako aliipata Kigoma kwa watu waliovuka ziwa kutoka Kongo. Kihispania hatukujua hata neno, mimi wala wewe. "Maneno waachie wenyewe," ulikuwa ukisema, umejifunga kanga kiunoni, "wewe sikiliza kengele." Mimi Mkurya niliyekulia kwenye nyuzi za litungu la babu nilidhani muziki huo utanishinda. Kumbe besi yake, ile nzito inayofika kabla hujaitegemea, nilikuwa naijua tangu utoto. Unakumbuka pale mgahawani kwako Matongo, vijana wa mashimo ya dhahabu wanaacha ugali unapoa? Tarumbeta zinaulizana na kujibizana, piano inang'ang'ania neno moja kama mtoto anayeomba maji. Nyimbo za siku hizi zinakusukuma mgongoni. Ule ulikuwa unakungoja.

Na pale katikati, tarumbeta zikiisha, sindano ilikuwa inaruka. Kidole gumba chako kinanibonyeza begani, tunaruka nayo, tunatua upande wa pili. Watu wakipiga makofi, wakidhani ni ufundi wetu.

Kijana wa muziki wa Mugumu nilimpigia mbinja wimbo mzima, akautafuta kwenye simu mpaka akaupata. Msafi, hauna mkwaruzo hata mmoja. Jumapili mchana tukaujaribu uani kwenu. Tulianza vizuri, Asha ana mabega yako. Tukafika pale. Mimi nikaruka, wimbo haukuruka. Nikamkanyaga bibi harusi, Baba Asha akashika kichwa. Tukarudia, nikaruka tena. Mwili hausikii, Mama Asha, ulinifundisha wimbo pamoja na kosa la santuri. Asha akasema polepole, "Mjomba, kama haiwezekani tuache." Nilitaka kumfokea. Nikatoka nje nikazunguka nyumba kama kuku.

Niliporudi nikawaambia wauache upige, sichezi, nasikiliza tu. Na pale kuna kitu. Tarumbeta zote zinanyamaza, inabaki besi na piano, halafu mtu mmoja anacheka. Anacheka kabisa, katikati ya wimbo, kama aliyemwona mwenzake akiteleza. Kisha kengele inarudi. Miaka yote ile tulikuwa tunamruka. Baba Asha aliinua uso, akasema, "Mama Asha hakuwahi kuisikia hii."

Tangu hapo ndiyo sikai kabisa. Nina hasira na ile sindano, na kidogo nina hasira na wewe kwa kuondoka kabla. Kicheko kile ungekiigiza wiki nzima huku unakaanga samaki, mpaka wateja wakuombe unyamaze.

Nimemwambia Asha wimbo wako utapigwa, na ninakuahidi na wewe. Jumamosi sitaruka. Tukifika pale tutasimama, miguu chini, mbele ya wakwe na mwalimu wake mpole, tumsikilize yule mtu mpaka amalize kucheka. Wakidhani tumesahau, shauri yao. Kisha nitambonyeza binti yako begani kwa kidole gumba, tuendelee.

Haya, wewe pumzika, Mama Asha. Mimi bado nimesimama.

Ndugu yako wa kujitakia,
Mwita