Nyota ya Binti Yangu Ukutani

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu amepiga picha nyota yenye mkia! Hapa hapa nyuma ya nyumba, kati ya banda la kuku na kamba ya nguo. Yeye anaiita kometi. Miezi minne kaisubiri, kila alfajiri kabla ya kwenda kazini duka la dawa, jicho kwenye darubini ya mtumba, miguu kwenye ndara zangu. Leo kaingia jikoni: "Mama, nimeipata." Chai ikafurika, nikaiacha ifurike. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kichwa kile kimetoka kwangu. Marehemu baba yake hata kusoma saa kulimpa tabu.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaambia wapishi wenzangu wote shuleni. Nimemwambia na mwalimu mkuu, alipokuwa anasubiri chai yake, hana pa kukimbilia. Wifi nimemfuata mlangoni kwake. Akasema kumbe siku hizi watu wanapiga picha vya mbali, vya karibu vimewashinda. Ni dada wa marehemu, namheshimu. Nikamwambia, wifi, njoo Jumamosi ya wiki ijayo uone kwa macho yako.

Nimealika ishirini na wawili. Picha itakuwa kubwa kama mlango, ukutani sebuleni. Binti hajui. Nataka ashtuke kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeichukua kadi ya kamera kwenye droo yake. Kompyuta yake iko kwa fundi, na mawingu yametanda, hataitafuta. Nimeipeleka kwa mpiga picha wa stendi. Mtu mzima, miwani minene, adabu tele. Nikamwambia sitaki kazi ya kulipua. Akasema niondoe shaka.

Jumapili, 9 Machi

Picha imekuja. Safi! Nyota kama chumvi iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi. Mpiga picha macho mekundu kwa kukesha. Anasema picha zote sitini zilikuwa na doa, la kijani kijani, limechuruzika upande mmoja. Lenzi chafu, akasema. Basi kalifuta, picha moja moja, zote sitini, akazirudisha kwenye kadi zikiwa safi. Wala sikumwomba. Nilimshukuru mpaka akaona haya. Nikamwalika na yeye.

Jumatatu, 10 Machi

Lile doa ndilo kometi.

Jana nilishindwa kungoja Jumamosi, nikamwonyesha binti picha. Alisimama mbele yake muda mrefu, nikadhani ni furaha. Akauliza, "Mama, iko wapi?" Nikamwonyesha nyota zote, achague. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma, kadi mkononi. Nikampelekea chai. Akasema asante, mama — kama anamshukuru karani wa dirishani.

Jumatano, 12 Machi

Leo kaongea. Mpiga picha hakubaki na nakala. Kometi bado iko, lakini inasogea kuelekea jua. Kufika Jumatatu haionekani tena, na ikirudi hata vitukuu vyangu watakuwa wameshasahaulika. Redio inasema mawingu hadi Jumamosi usiku. Imebaki alfajiri moja tu, ya Jumapili.

"Waahirishe wageni, mama. Waambie ukweli."

Nikasema nitawaambia yule mzee wa stendi kaharibu. Akanitazama. Haya, nitasema ni mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetoka mchana kwenda kuahirisha. Nikaanza kwa wifi, ili gumu liishe kwanza. Sijakaa bado, akasema, "Umekuja kuahirisha." Wala hakuuliza. Anamenya viazi, macho hajainua.

Nikasema, nani, mimi? Nimekuja kuuliza kama wakwe zako nao wangependa kuja.

Wangependa. Wako sita.

Kwa wengine sikupita tena. Nimerudi, binti anafuta vioo vya darubini kwa kitambaa laini, na mawingu yamelala juu ya paa kama blanketi. Akauliza kama nimewaambia. Nikasema nimewaambia. Akanishika bega, mara ya kwanza tangu Jumatatu, akasema najua haikuwa rahisi, mama.

Viti nimeazima shuleni. Picha nimeifunika shuka. Watu ishirini na tisa, Jumamosi, saa kumi jioni.