Chuma, Kiuno na Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni
Mazoezi tena jioni. Jasho jingi, ustadi haba. Zuhura, binti yangu anayefundisha michezo shuleni huko Ruangwa, ndiye aliyeniletea hiki chuma chenye mpini, mfano wa birika lisilo na mdomo. Anakiita ketibeli. Anataka mgongo wangu uwe tayari kabla sijaanza kupulizia mikorosho kule Chiola. Mwaka jana mgongo uligoma, bomba la kupulizia salfa likabaki stoo, ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, ukala maua yote. Nikishindwa na mwaka huu, hakuna korosho. Basi.

Masharti yake: miguu ipanuliwe, mgongo unyooke, makalio yarudi nyuma kama ya mtu anayesukuma mlango mikono ikiwa imejaa vyombo. Kiuno ndicho kirushe chuma, si mikono. Kwa makalio haya, nashukuru mlango ni wa kuwaza tu.

Alhamisi, 12 Juni
Mama mkwe amefika kutoka Narung'ombe. Goti linamsumbua, atakaa nasi mpaka atibiwe. Ametandika mkeka barazani, mbele kabisa ya uwanja wangu wa mazoezi. Nimefurahi kumwona. Raha imenitoka vilevile. Nikimpa mgongo, namwonyesha makalio. Nikimgeukia, kile kitendo cha kusukuma kiuno mbele... Mbele ya mkwe! Nyuma ya nyumba nako ni jiko, kuku na mteremko.

Leo nimefanya kistaarabu. Makalio nimeyabana, nikainama kama napalilia ufuta. Chuma kimepanda. Adabu imebaki.

Jumamosi, 14 Juni
Adabu imenivunja kiuno. Tena si wakati wa kuinua, ni wakati wa kuweka chuma chini. Nikakwama katikati, sisimami wala sikai. Mama Zuhura alicheka kwanza, akanikokota ndani baadaye.

Jumapili, 15 Juni
Kitandani. Zahanati wamesema ni msuli, nipumzike. Naogopa. Jirani yangu Mmakonde, mtani wangu, kaja kunipa pole. Kauliza nikifa nani atarithi bomba. Kwake mikorosho imeanza kuchanua.

Alhamisi, 19 Juni
Nimeweza kusimama. Zuhura kaja, kanipa ndoo tupu, kasema niiinue aone. Nikainama kistaarabu. Akauliza nani kanifundisha hivyo. Nikatazama kuku. Mama yake hakutazama kuku; kwa sauti ya kufika sokoni, alimweleza: "Baba yako anamwonea haya bibi yako."

Zuhura hakucheka. "Baba, uti wa mgongo haujui ukwe."

Barazani mtu alikohoa.

Ameniachia chuma kingine, kidogo. Nisikiguse mpaka maumivu yaishe kabisa. Kiuno kikiuma, niache hapohapo, nisijifanye kijana.

Jumanne, 1 Julai
Maumivu yamekwisha. Nilipotoka na kile kidogo, mama mkwe akaanza kukunja mkeka. Nikataka kumzuia.

"Fanya kazi yako, baba Zuhura," alisema. "Huku mbele upepo mwingi. Nahamia kwa kuku."

Hapakuwa na upepo. Hata jani la mpapai halikutikisika. Kazunguka nyumba polepole, kajishikilia ukutani.

Nimerudisha makalio nyuma mpaka nikajionea haya mwenyewe. Mgongo umenyooka. Bodaboda mmoja kapiga honi. Nimemsamehe.

Jumamosi, 12 Julai
Chiola tangu alfajiri. Nimejitwika bomba mgongoni, nikainuka kwa miguu na kiuno, nikapulizia upande wote wa juu. Maua yapo. Nimerudi njano ya salfa mwili mzima, hata nyusi. Mgongo kimya.

Nilitaka kuoga na kulala tu. Lakini baraza ilikuwa tupu. Mama mkwe alishahamia nyuma, na mkeka wake na goti lake, kunipisha.

Nikachukua kile chuma kidogo. Nikakirusha mara chache, taratibu, ili asiwe amezunguka bure. Halafu nikakiweka chini vizuri.