Bega la Kushoto

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, na kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa baridi kiwe kimekuachia. Sisi huku tupo, tunakula, tunalala, tunaamka. Miguu yangu bado inavimba nikikaa sana kwenye cherehani, ila hiyo ni mali yangu ya zamani, nimeshaizoea.

Kabla sijaenda mbali, nina ombi. Aliyekuletea barua hii mkaribishe ndani, mpe kiti na maji, halafu mwache angoje. Wewe kaa uisome mpaka mwisho ndipo umjibu. Najua huna subira, tangu utoto ulikuwa ukichungulia chungu mboga haijachemka. Leo nivumilie. Mwandiko wangu unaujua, unatangatanga kama kuku aliyenyeshewa, lakini maneno nimeyapima. Nilikupigia simu ikaita mpaka ikachoka, nikaona huenda ni heri, maana maneno mengine ukimwambia mtu kwenye simu anakata.

Nataka kukueleza habari za mwanao. Nasema mwanao, maana wewe ni mama yake mdogo, na mimi siku zote nimemwambia kwamba nikifa leo hatakuwa yatima.

Unakumbuka ulivyokuja na habari za chuo cha urembo. Ulisema ni cha mtu unayemjua kwa mbali tu, watoto wanafundishwa bure, wanalala huko huko, na wakimaliza wanapewa kazi. Mtoto alikuwa amekaa nyumbani tangu baba yake afariki, anaokota vitambaa chini ya cherehani yangu. Nilikushukuru mpaka ukaniambia basi, dada, inatosha. Nikamshonea sketi mbili akaondoka nawe, anacheka.

Na unakumbuka aliporudishwa. Walimshusha kituo cha mabasi na mfuko wake kama mzigo usio na mwenyewe. Wewe ukaniambia kwamba ni mvivu, ameshindwa masomo, ametuaibisha. Nami nikamgombeza mtoto pale pale kituoni, watu wakitazama. Kisha nikakuomba wewe radhi kwa ajili yake. Ukanijibu kwa upole kabisa kwamba yamekwisha, mtoto ni mtoto.

Hakujitetea. Alikaa ndani akikwepa mwanga wa mlango. Mdogo wangu, unajua kwamba tangu ana miaka saba yeye ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano, maana macho yangu yalianza kuchoka mapema. Nikampa sindano. Uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni. Nikamwambia aache mzaha, nina nguo ya mtu. Akaweka sindano mezani taratibu, akaenda kukaa uani. Hakuwa na mzaha.

Hapo ndipo alipoingia yule mwanamke ambaye watoto wa mtaani kwetu wanamwita Mama Kamera. Anatengeneza filamu, lakini si za kuigiza. Ni za mambo yaliyotokea kweli na watu waliotokewa nayo. Alikuwa anazunguka kuwatafuta mabinti waliorudi kutoka kwenye hicho chuo. Alikuja kwangu akakaa kwenye kigoda, mchana baada ya mchana, anapiga soga, anasaidia kukunja vitambaa, kamera ndani ya begi. Siku moja nikamwuliza kama hiyo kamera yake ni ya kupakata tu. Akacheka, akasema kamera haina haraka, mwenye habari ndiye mwenye saa. Mwanao akamzoea, na ikafika siku akaanza kusema. Mimi niliambiwa nibaki nje kwenye cherehani, nikabaki, ila sikushona hata mshono mmoja.

Mama Kamera ana utaratibu wake. Kila aliyesema mbele ya kamera lazima aione filamu kabla ya ulimwengu, na asilolitaka linatolewa. Basi wiki iliyopita tukaitwa kwenye ukumbi wa shule, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja muuza mkaa, mama wa binti wanayemwita Kibonge. Huyo Kibonge alilala mkeka mmoja na mwanao huko chuoni, na yeye hajarudi. Mwenye chuo alipopata fununu ya filamu, alihama na watoto waliobaki, na mpaka sasa hakuna ajuaye alipowapeleka. Mama Kibonge alikuja kutazama filamu ili aone kama mwanawe atapita hata kwenye kona moja ya picha. Taa zilipozimwa akanishika mkono, na hakuuachia.

Wale mabinti wamefichwa nyuso, unaona kivuli tu, na sauti zimegeuzwa. Mwanangu alipoanza kusema akasikika kama mzee aliyemeza mchanga. Watu wakacheka, naye alicheka, na mimi nikamshukuru Mungu kwa kile kicheko, maana yaliyofuata hayakuwa na cha kuchekesha.

Si chuo, mdogo wangu. Ni chumba kirefu chenye madirisha yaliyopakwa rangi, meza mbili ndefu na taa nyeupe zinazoning'inia karibu na paji la uso. Wanatengeneza kope za kubandika. Unywele mmoja, kibano, fundo. Unywele mwingine, kibano, fundo, mpaka ukope utimie, halafu mwingine. Wanawataka wadogo kwa sababu ya vidole na macho. Simu zao zilitiwa kwenye ndoo siku ya kwanza, wakaambiwa zitawavuruga masomo. Ubao wa kufundishia upo, umeandikwa somo moja ambalo halifutwi, la kuwaonyesha wakaguzi wakija. Hawalipwi kwa kuwa wanaitwa wanafunzi. Macho yakichuruzika wanatiwa dawa wanarudi mezani. Macho yakikataa kabisa, wanapelekwa kituo cha mabasi. Hivyo ndivyo mwanao alivyoshindwa masomo.

Nilimsikia akisema, kwa ile sauti ya mzee, kwamba kilichomuuma zaidi ni kwamba mama yake aliamini ni uvivu. Mama Kibonge akaniminya mkono. Sikujua niuweke wapi uso wangu kwenye lile giza.

Kisha Mama Kamera mwenyewe akaonekana, amejifanya mzazi. Alikwenda kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki, kamera imefichwa kwenye begi. Mbele amesimama mwanamke anayewakusanya mabinti. Uso wake nao umefunikwa na ukungu na sauti yake imegeuzwa, maana hajashtakiwa, na jina lake bado hawalijui. Anawaambia wazazi wasiwe na hofu, huko watoto watapata mama wa pili. Wazazi wanatikisa vichwa. Mmoja anauliza kama mtoto ataruhusiwa kupiga simu, naye anamjibu kwa utani kwamba mtoto akiona raha husahau namba ya nyumbani. Wanacheka wote.

Amevaa gauni la buluu lenye kola nyeupe.

Nguo za buluu ni nyingi, nilijiambia hivyo. Kola nyeupe ni nyingi. Lakini akageuka kuchukua karatasi, na bega lake la kushoto likakaa sawa na la kulia, sawa kabisa, isipokuwa kwenye mkunjo mdogo karibu na mkono. Mkunjo ule naujua, kwa sababu nimeutengeneza mimi. Baba alikuwa akikuita Mizani kwa ajili ya bega lako la kushoto linalolala chini, nawe ulikuwa ukilia. Ndiyo maana kila nguo niliyokushonea tangu nijue kushona, naweka kimto cha pamba bega la kushoto, upande mmoja tu, ili mtu asione. Hakuna mwanamke mwingine duniani mwenye gauni la namna hiyo. Mikono yangu imekujua kabla ya macho.

Taa zikawashwa. Mama Kamera akasema wanamtafuta yule mwanamke, si kwa ajili ya kumtia kwenye picha, bali kwa sababu yeye pekee ndiye anayeweza kujua watoto walipohamishiwa. Anayemjua amfuate pembeni. Mimi nikainuka na kuelekea mlangoni. Mama Kibonge akanisindikiza akidhani nimezidiwa na uchungu wa mwanangu, akanipangusa uso kwa mkono wake wenye mkaa. Nilifika nyumbani na alama nyeusi shavuni.

Nikamwuliza mwanao kama yule mwanamke ni wewe. Akaniuliza nimejuaje, nikamwambia bega. Akaniambia kwamba alikuona huko mara mbili, ukiwaleta wapya. Mara ya kwanza alikukimbilia akidhani umekuja kumchukua. Ukamvuta pembeni ukamwambia asiniambie, moyo wangu hautahimili. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza hata baada ya kurudi, hata nilipokuwa namgombeza. Akasema kwamba mimi sina mume, sina wazazi, na hakutaka nibaki sina ndugu.

Wahenga walisema mchawi mpe mtoto amlee. Mimi sikumpa mchawi. Nilimpa mama yake mdogo.

Sijui walikushikaje, mdogo wangu. Labda nawe uliambiwa ni chuo, ukaja kujua umeshazama. Labda ulitishwa. Nimekutafutia sababu kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani, na ningefurahi kuipata hata kama ingenichoma. Utanieleza mwenyewe, nitakusikiliza, sitakukatiza. Lakini wakati mimi nakutafutia sababu, Kibonge yuko chini ya ile taa.

Nilikwenda kwa Mama Kibonge asubuhi, akiwa anapima mkaa. Nikamwambia kwamba mwanamke wa gauni la buluu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilitegemea anitukane. Aliweka chini kile kikopo, akafunga duka, akaniuliza tunaanzia wapi. Tukaenda kwa Mama Kamera, na kutoka kwake tukaenda kituo cha polisi. Nimekutaja jina lako lote. Nimewaelekeza nyumba yako, mpaka ule mlango wa bati unaokwama.

Basi sasa inua macho. Huyo uliyempa kiti ni askari wa kike. Nilimwomba asije na sare, na asifungue mdomo mpaka umalize kusoma. Akaniahidi kama anavyomwahidi mama yake. Wenzake wako barabarani, na pamoja nao kuna mwanamke mwenye vidole vyeusi. Hakuja kukupiga wala kukutukana. Anataka umwambie mtaa na mlango, basi.

Mwambie. Mwambie kabla hata ya kukunja barua hii.

Mwanao anakusalimu. Sikumlazimisha, nilimwuliza kama niandike salamu zake, akasema niandike. Daktari anasema macho yatarudi pole pole, huenda yasirudi yote. Kwa sasa mimi ndiye ninayetunga uzi, nalamba ncha, nakosea, yeye ananicheka.

Huko watakakokupeleka nitakuja, nitakaa kwenye benchi mpaka waniruhusu nikuone. Ukitoka nao vaa lile gauni la buluu. Nililishona vizuri. Bega litakaa sawa.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni.