Mianzi ya Mchele Milangoni

Jumapili, 18 Januari 1948
Mkataba na Waholanzi umetiwa saini jana, melini huko Jakarta. Majeshi yetu yaliyo nyuma ya mstari wa Waholanzi yahame, yaende Yogya, upande wa Jamhuri yetu. Yahame! Kumbe sisi wa kijiji cha Legokwaru tuko nyuma ya mstari?
Kapteni Tarjana alipita kunywa chai, akacheka sana. Eti wanasiasa wasaini watakavyo, yeye haendi popote. "Dada Odah, askari wangu wanakula kwenye mianzi yako. Niende wapi?"
Nikafurahi kama mjinga. Nyumba arobaini na mbili nimezitundikia mlangoni kipande cha mwanzi kilicho wazi juu, kwa mkono wangu. Kila mama akipika anadondosha humo konzi moja ya mchele, jioni nakusanya. Aliyekataa ni mmoja tu, Sarhi wa darajani. Nilimwita mwoga mbele ya watu. Akacheka kile kicheko chake cha kijinga: "Sawa, Jenerali."

Jumatano, 28 Januari
Kapteni kageuka. Amri ni amri, anasema sasa. Lakini anatuachia Sajini Emod na watu wake, na bunduki kumi, zimefukiwa nyuma ya ghala. "Mianzi msiitoe. Mkiitoa, watu watakata tamaa."
Ma Icih alitaka kuuchoma wake leo leo. Mzee wa watu anawaogopa Waholanzi. Nikamkataza. Mimi! "Kapteni ametoa neno lake, mama."

Jumanne, 3 Februari
Tumepika tangu alfajiri, chakula cha njiani cha askari. Wali kwenye majani ya mgomba, samaki mkavu, pilipili — wa siku tatu. Mchele wote wa mianzini umeisha.
Kisha namwona Emod anafunga buti. Na wewe unaondoka? nikamuuliza. Akaona haya, akaniambia ukweli. Huko Yogya jeshi linapunguzwa. Kapteni atakayefika na watu wengi na bunduki nyingi atabaki na cheo, pengine atapanda. Atakayefika mikono mitupu atarudi kulima.
"Na zile kumi?"
"Zilifukuliwa juzi, dada."
Nikamfuata Kapteni mbele ya kikosi kizima. Bunduki zetu ziko wapi? Akarekebisha kofia. "Haya ni mambo ya siasa, Dada Odah. Huwezi kuyaelewa."
Siasa! Mchele wangu mbona aliuelewa?
Wameondoka wakiimba. Hakugeuka hata mara moja. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Mungu anisamehe nilivyomwombea baraka leo asubuhi.

Alhamisi, 5 Februari
Waholanzi wamefika kijiji cha ng'ambo. Habari mbaya: wanaangalia milango. Penye mwanzi wa mchele na kwa jirani hakuna, mwenye nyumba anapakiwa lorini, eti analisha askari.
Tumeing'oa yote, tumeichoma jikoni. Halafu — ole wangu! Kuta zimeiva kwa jua na moshi wa miaka miwili, na pale mwanzi ulipokaa pamebaki mstari mweupe. Nyumba arobaini na mbili! Tukapaka masizi. Mvua ya mchana ikayaosha.
Ma Icih hakunilaumu. Alichota masizi mengine, akaanza upya ukutani kwake. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 6 Februari
Sarhi kaja na panga. Nikajua amekuja kunisimanga, na nilistahili.
"Jenerali, nitobolee mwanzi na mimi."
Umerukwa na akili?
Akakaa chini, akanieleza polepole. Mchele wa mianzini ulikuwepo tangu enzi za bibi zetu, wa wajane na mayatima. Ukitundikwa kila mlango, ni sadaka ya kijiji, na ile mistari inafunikwa. Ukikosekana mlango mmoja, mwenye mlango huo ataulizwa kwa nini hakutoa, na wengine wanamtolea nani. "Na mimi nikipigwa nitasema. Najijua. Kwa hiyo nipe mwanzi."
Tumekata mianzi mipya siku nzima, yeye na mimi. Arobaini na tatu.

Jumamosi, 7 Februari, asubuhi
Lori limesimama darajani. Askari sita na mkalimani. Naandika nimeegemea dirisha.
Wameanza na nyumba ya kwanza. Ya Sarhi.
Ole wetu! Ukuta wake hauna mstari, na mwanzi bado ni mbichi, kijani kabisa! Hatukulifikiria hilo.
Mmoja anaugonga kwa kitako cha bunduki. Wamemshika shati. Wanamuuliza, nadhani, ni nani aliyempa.
Anacheka, kicheko kile kile. Wamempiga, kaanguka, kainuka. Kageuka kutazama mtoni, mashambani, kila mahali.
Huku kwangu hajatazama, wala hajanyoosha kidole.