Mdomo wa Mwami

Barking, London
12 Novemba 2000

Mpendwa kaka Déogratias,

Nakusalimia kwa upendo mwingi. Kama barua hii imekukuta mzima, namshukuru Mungu kabla sijasema lolote. Sisi tupo, baridi tu ndiyo inatutesa. Miradie amenipita kimo, na Kiswahili anakisikia ila ananijibu Kiingereza. Lile goti nililoumia kazini, kwenye nyumba ya wazee, limepona. Habari yake nilikuandikia wewe peke yako, huko vitani.

Huku kila Jumapili baada ya ibada watu wetu hukusanyika kwa Baudouin kungoja simu ya Mwami kutoka vitani. Tunaiweka kwenye spika, naye anatubariki. Tangu Pasaka sauti ni ileile, lakini hacheki tena. Nilidhani ni uchovu wa vita.

Mama Sidonie, aliyelelewa ikulu, alinivuta jikoni tukimenya ndizi, akaninong'oneza kwamba Mwami alishakufa. Alisema mfalme akifia vitani haliliwi, wapiganaji wasije wakatawanyika. Huchaguliwa mtu anayeijua sauti yake, akakaa na maiti ndani ya hema, akasema kwa niaba yake. Huyo huitwa Mdomo. Siku mrithi atakapoiambia sauti ile, "Baba, pumzika," ufalme unahamia kwake palepale. Na Mdomo huzikwa pamoja na mfalme wake.

Nilimcheka, nikamwambia uzee umemwingia. Jumapili iliyofuata, baada ya baraka, sauti ikauliza kama goti la Mama Miradie limepona. Wenzangu walinipongeza kwa heshima hiyo. Lakini tangu lini Mwami akauliza goti la mwanamke anayeogesha wazee? Nilijifungia chooni nikalia. Ulikuwa wewe, kaka. Ulishindwa kuvumilia, ukaniuliza hali yangu kwa kinywa cha marehemu.

Mrithi ni Magloire, anayesafisha maofisi kule Woolwich. Wazee wamekwisha kumnunulia suti. Nilimfuata sokoni nikamsihi asiyatamke maneno yale, maana akiyatamka nakupoteza. Ni kijana muungwana. Aliniambia, "Mama Miradie, mimi sina haraka ya kuwa mfalme." Tulipatana kwamba kila Jumapili atasema yuko kazini, mpaka utoroke. Ulrich anayekuletea barua hii anajua njia ya kuvuka ziwa. Mfuate, usiulize mengi.

Lipo jambo nimelibakiza mpaka sasa kwa sababu naogopa hata kuliandika. Jumapili iliyopita Magloire hakuja kweli. Sauti ikauliza yuko wapi, wazee wakajibu yuko kazini. Kisha ikasema polepole, "Nimechoka. Mleteni mwanangu aniambie."

Kaka, wakati maneno hayo yanasemwa nilikusikia ukikohoa. Ni kile kikohozi chako cha kifua cha tangu utotoni, siwezi kukikosea. Kilitoka pembeni, mbali na simu, na sauti haikukatika hata kidogo. Mama Sidonie naye alikisikia. Aliweka chai yake chini, akaomba arudishwe nyumbani.

Kama wewe ndiye uliyekuwa unakohoa, nani alikuwa anasema? Usinijibu. Ukimaliza kusoma, toka humo hemani, wala usimuage aliyelala.

Miradie anakusalimu sana. Wasalimie wote walio hai.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Émilienne