Mjukuu Aliyesubiriwa kwenye Kompyuta

Shikamoo mama,

Leo mwanao fundi nimekula sahani tatu za ndizi na maharage kwa sababu ya kompyuta. Chama kimoja cha kuzikana huku Bukiriro kina mbili. Ya pili hunakili ya kwanza ikichelewa masaa sita, ili kosa likitokea tuliwahi kabla halijafika huko.

Saa nne asubuhi karani akafuta wanachama wote. Nikataka kuchomoa waya wa ile ya pili hapo hapo, tubaki na majina ya jana. Bibi mmoja akanizuia: "Mjukuu wangu kaandikwa leo saa tatu. Tunamsubiri."

Tukasubiri tukila, mtoto mwenyewe kalala mgongoni kwake. Saa tisa jina likatokea kwenye ya pili, bibi akapiga vigelegele kama mtoto ndiyo kwanza kazaliwa. Nikachomoa waya, kabla kosa la karani halijafika saa kumi.

Kadi hii itakukuta nimeshafika nyumbani. Ukiisoma, nipokee tena, kwa vigelegele.